Kishiwa na Chanjo Iliyoganda

Kishiwa hakuzaliwa na hasira, jamani. Hasira alifundishwa na ndama. Alikuja Kilosa mgongoni mwa mama yake, nyuma ya ng'ombe waliotoka Shinyanga, na alipofikisha miaka kumi na miwili ugonjwa wa chambavu ukapita zizini kwao. Asubuhi ndama anaruka. Jioni paja limevimba, ukiliminya linaalika kama karatasi. Kesho yake hayupo. Walifukia kumi na wanane. Alipokua akajifunza kuchanja, na sasa wafugaji wa kijiji cha Kisanga humwita daktari, ingawa mwenyewe hulikataa jina hilo.

Kwake umeme haujafika. Chanjo huiweka kwenye friji ya dukani kwa Bonifas, mume wa mdogo wake. Ijumaa alileta chupa sita kutoka Mikumi. Jumamosi, watu wameshaswaga ng'ombe hadi kwenye kibanio, ule ujia wa miti wa kuchanjia, akafungua friji akakuta chupa ngumu kama mawe.

"Shemeji! Nani amegusa swichi?"

"Mimi," alisema Bonifas, akipanga barafu za mifuko kwenye ndoo. "Leo mnada. Barafu zilikuwa hazigandi, nikazungusha mpaka mwisho."

"Ya juu au ya chini?"

"Si friji moja? Nimezungusha hii ya chini."

Kishiwa alimkamata mkono akauingiza ndani. "Friji moja, vyumba viwili! Baridi inatengenezwa huko juu. Feni inaisukuma, inashukia kwenye kitundu hiki hapa nyuma. Unaisikia? Swichi ya chini ndiyo inayoiambia mashine, basi, pumzika, chumba cha chini kimetosha. Wewe umeikataza kupumzika! Ya juu inabana na kupanua kitundu tu, na hiyo nayo usiiguse!"

"Sasa unafoka kama nimeua mtu? Zianike juani, ziyeyuke. Samaki mbona anayeyuka na tunamla?"

"Samaki ameshakufa, Bonifas! Hana kazi tena ya kufanya!"

Hata hivyo alisubiri moja iyeyuke, akaitikisa. Mabonge meupe yakazama chini kama maziwa yaliyokatika. Chanjo nzima haizami hivyo. Akazibeba zote hadi kwenye kibanio, meno yameumana.

Kaka yake, Dotto, alikuwa wa kwanza kwenye foleni na ndama wake tisa. Aliposikia, alimvuta pembeni. "Dada, piga tu. Maji ya mafuriko ndiyo kwanza yametoka bondeni, na chambavu hutoka kwenye udongo huo, haisubiri. Watu wametembea tangu alfajiri. Utatuaibisha."

"Nikikupigia haya maji, kesho utawapeleka bondeni ukiamini wamekingwa. Nikikunyima, utawafunga nyumbani. Chagua mwenyewe, Dotto, ila sindano hii siishiki."

"Shikamoo, mzee," Kishiwa alimgeukia Abubakari, mwenye maksai wawili wa kulimia.

"Marahaba. Kwa hiyo leo hatuchanji?"

"Hatuchanji."

"Basi sema kwa sauti, binti yangu. Wa nyuma hawajasikia."

Kishiwa akapanda kwenye mti wa kibanio, akasema, akaeleza kosa lilipotokea, akazifungua chupa moja moja na kuzimwaga chini mbele yao. Walimtukana. Mmoja alisema daktari gani anashindwa na friji. Jibu alilompa Kishiwa, hata ninyi mngelisikia mngeziba masikio.

Dotto hakumuaga. Lakini aliwageuza ndama wake, akaiacha njia ya bondeni, akashika ya nyumbani. Kishiwa aliwatazama hadi wa mwisho, kisha akapakia boksi tupu la chanjo kwenye bodaboda. "Mikumi," alimwambia dereva, "na usinisemeshe."