Nusu ya Dozi

Maabara nzima walimwita Mama Jeli, na hakuwahi kukasirika. Ukimaliza ujana wako ukikoroga kitu cheupe kinachoteleza na kutetemeka, utaitwa nini kingine? Jeli yake ilikuwa na kazi moja: kubeba dawa, kukaa juu ya kidonda, na kuiachia dawa hiyo pole pole siku baada ya siku, ili mgonjwa asifunguliwe bandeji kila mara. Binadamu alikuwa bado hajapakwa. Ilijaribiwa kwenye visahani tu, juu ya bakteria waliooteshwa makusudi.

Mama yake mzazi hakuijua sayansi hiyo, lakini dawa alizijua kwa njia yake. Alikuwa mjane aliyelea watoto wawili, Mama Jeli na kaka yake, na nyumbani kwao dozi haikuwahi kumalizwa. Homa ikishuka tu, vidonge vilivyobaki vilifungwa kwenye kitambaa na kufichwa kabatini, vimngoje mgonjwa mwingine. Mtoto akishameza chake alipanua kinywa, mama akachungulia mpaka chini ya ulimi. "Akiba haiozi," alikuwa akisema. Yeye mwenyewe akiumwa alimeza nusu, nusu akawawekea wanawe. Huo ulikuwa upendo wa kweli, na anayeucheka ni yule ambaye hajawahi kukosa.

Kidonda kilianza kwa lengelenge la kiatu. Mama alikuwa na kisukari, miguu haikuwa ikihisi vizuri, akapuuza. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kaka, aliyekuwa akiishi naye, alipomfikisha hospitali wayo ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi, na dawa alizopewa zikawa bure. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: bakteria wa kidonda kile walishazizoea dawa karibu zote. Ilibaki moja, nayo ingekuwa na kazi ngumu kwenye nyama iliyokwisha kufa. Huenda mguu ungekatwa chini ya goti.

Dawa hiyo moja ndiyo iliyokuwa ndani ya jeli.

Kaka akamvuta dada yake kwenye korido. Aliongea kwa sauti ya chini, na hilo lilimuuma dada zaidi kuliko kama angefokewa.

"Mganga hajigangi, sawa. Lakini hata mama yake? Dawa iko kwenye friji yako. Kampake."

Alitaka kumpaka. Sheria hazikumruhusu, lakini siku ile alikuwa tayari kuzikanyaga. Kilichomzuia ni mazoea ya kazi tu: hakuwahi kuweka jeli mahali asipojua inakutana na nini. Akamwomba daktari usaha kidogo wa kidonda, akaotesha bakteria wa mama yake kwenye kisahani, akaweka kipande cha jeli katikati.

Kesho yake pete safi, pana, ilikuwa imeizunguka jeli. Bakteria wote wa karibu walikuwa wamekufa. Alilia pale pale mezani. Kila asubuhi alikihamishia kipande kile kile kwenye kisahani kipya cha bakteria wale wale, na pete ikawa inapungua, kwa sababu dawa ilikuwa inaisha. Siku zote jaribio lake liliishia pete ilipoanza kusinyaa. Hakuona sababu ya kutazama jeli iliyochoka. Safari hii alitazama, kwa kuwa bakteria walikuwa wa mama yake. Ndani ya pete ile nyembamba kulikuwa na vidoa vidogo, hai. Akavichukua, akaviotesha, akaviwekea jeli mpya. Hapakutokea pete yoyote.

Akaelewa. Jeli yake ilianza kwa ukarimu na kumalizia kwa uchoyo, na kile kidogo cha mwisho kiliwafundisha bakteria kuishi na dawa. Miaka yote alikuwa akitengeneza kitambaa cha mama yake.

Alimwambia kaka hapana. Mguu ukakatwa. Dawa ile ya mwisho, mama akipewa kwa dripu na kwa kipimo kamili, iliokoa sehemu iliyobaki, kisha akaanzishiwa dawa hiyo hiyo kwa vidonge. Kaka hakumsemesha tena dada yake.

Mchana mmoja Mama Jeli alimkuta mama yake ameketi kitandani.

"Kaka yako anasema ulininyima dawa."

"Nilikunyima, mama. Ingekupa nafuu, halafu mwishoni ingetoa kidogo kidogo. Kidogo hicho kingewazoesha wale wadudu, na leo vidonge hivi visingekufaa."

Mama akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na nusu nusu za vidonge vile vile.

"Nilikuwekea wewe," akasema. "Unashinda na hao wadudu kutwa. Siku wakikupata, je?"

Mama Jeli alikuwa ameapa kutomwambia kamwe kilichowazoesha wadudu wa mguu wake, na sasa aliona machoni mwa mama kwamba hapakuwa na haja ya kuambiwa. Akamwita muuguzi na kumweleza. Muuguzi akaenda kwa daktari, akarudi na agizo la dozi kuanza upya, na kidonge kizima.

Mama akakimeza kwa maji. Halafu, bila kuulizwa, akampanulia mwanawe kinywa, akainua na ulimi.