Ruhusa ya kupanda mlima

Jamani, leo nimeruhusiwa kupanda mlima wetu!

Tangu serikali iutenge kwa matembezi ya Wazungu, mlinzi hanipitishi hata nikafyeke kaburi la mke wangu, Feza.

Lakini mbeba kiti cha Mzungu hupita. Basi nikabeba kiti.

Mzungu hupanda kiangazi na masika, akashuka bila kuni wala uyoga. Feza angecheka mpaka aketi chini.

Kule juu akataka kiti kiwekwe penye upepo. Kando ya Feza kabisa! Hakujua.

"Majani iko murefu sana," akanung'unika. "Weye, fyeka hapa kila juma, mwaka muzima!"

"Ndiyo, Bwana. Mwambie na mlinzi, asikie."

Akamwambia.

Sasa ndugu zangu, nani ataniazima panga kali? Kazi ya Wazungu haingoji.