Mama Chupa na Koki Iliyoyeyuka

“Koki yangu ilikosa nini hata muichome moto?”

Ni Jumamosi asubuhi, na sauti ya fundi cherehani imeshafika nyumba ya tatu. Mkononi ameshika koki ya plastiki iliyojikunja kama sikio la mbuzi. Mbele yake kasimama jirani yake mpima maji, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Chupa. Binti wa fundi yuko pembeni, anatazama vidole vya miguu yake.

“Shusha sauti jirani, watu watadhani tunagombania mume.”

“Wadhani! Jumatatu naenda kwa mwalimu. Sayansi basi. Leo kachoma koki, kesho nyumba.”

Kwa miaka kumi na tisa, Mama Chupa amezunguka na sanduku la barafu akikusanya kwenye chupa maji ya kupimwa maabara. Kabla ya kukinga, huipitishia koki moto, uchafu wa nje usije ukasingiziwa kuwa wa ndani. Wiki hii aliwaonyesha wanafunzi wa shule ya binti kazi hiyo, kwenye koki za chuma. Za plastiki hakuzitaja. Binti alipofika nyumbani akawasha kiberiti.

“Hilo nimelikoroga mimi,” anasema Mama Chupa. “Ya plastiki hufutwa kwa dawa tu.”

“Na mimi simtaki azunguke akinusa mabomba ya watu!”

“Mwenzangu, mimi nilitaka udaktari. Nilipokosa, nililia mwaka mzima, nikidhani mtu wa sayansi ni daktari, hakuna mwingine. Hii kazi hakuna aliyenitajia. Ndiyo maana nawaita hawa watoto.”

Mshahara, anakiri, si wa kutambia. Lakini watoto wake watatu wamesoma kwa chupa hizo.

Anatoa koki mpya mfukoni, anaifunga mwenyewe kwenye bomba, kisha anamsogezea binti chupa. Binti anaifuta koki kwa dawa, anaacha maji yatiririke, anafungua kifuniko kwa ncha za vidole.

“Mbona unakishika kama kinauma?” mama yake anauliza.

“Nikigusa ndani, mama, tutapima vidole vyangu, siyo maji.”

Fundi naye huwafukuza wanagenzi wake wakanawe kabla ya kugusa shela la bibi harusi.

“Majibu lini?”

“Kesho jioni, niko zamu,” anasema Mama Chupa. “Vijidudu, kama vimo, hukuzwa kwenye joto siku nzima ndipo vionekane.”

“Kama vimo? Sasa unanitisha.” Anamtazama binti yake, kisha chupa. “Basi kwa mwalimu siendi, mpaka nione hayo majibu. Na aniletee huyu binti mwenyewe.”

Mama Chupa anaizika chupa kwenye barafu. Muhula ujao, anasema, ataomba wanafunzi waingizwe maabara kabisa, waone hata wanaoosha vyombo na wanaotengeneza mashine. Anabeba sanduku lake.

“Unakwenda wapi na tumbo tupu?” fundi anamfokea. “Ingia ule. Ila maji ya kunywa ya leo, ngoja kwanza niyachemshe.”