Marudio ya Mechi ni Kesho, Harusi ya Wifi Yangu ni Jumamosi

Admin, nifichie jina, na usiweke picha yoyote, maana Uvira tunajuana mpaka nguo zilizoanikwa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto wanne, nakaa Kilibula na bwana yangu pamoja na mama yangu mzazi. Mkiona naandika kwa hasira mnivumilie, njo nilivyo, na safari hii hasira yenyewe sijui nimpelekee nani.

Miaka minne iliyopita mdogo wangu wa kiume alituaga kwamba anapanda boti kwenda Kalemie na bidhaa zake. Boti ile ikazama. Wengine walipatikana, yeye hapana. Tulishinda ufukweni wiki tatu, kila kitu kinachoelea tunakikimbilia. Mwishowe wazee wa ukoo wakasema inatosha, tukazika mgomba mahali pake, umevishwa shati lake la harusi, maana kwetu mtu asiyeonekana hazikwi bure bure. Mama yangu alilia mpaka sauti ikamkauka. Mke wa marehemu, nimwite Furaha ingawa si jina lake, alibaki na watoto wawili na nguo nyeusi.

Furaha si wifi tu kwangu, ni rafiki. Mwaka huu amepata mwanaume, mwalimu wa Makobola aliyefiwa na mke, mtu mtaratibu, watoto wanampenda. Padri akataka mtu wa ukoo aje kuthibitisha kwamba mume wa kwanza alikufa. Nikaenda minye mwenyewe, hakuna aliyenituma. Niliapa mbele ya padri, nikatia sahihi, nikatoka pale nikijisifu moyoni kwamba nimemfungulia mwenzangu mlango. Harusi ni Jumamosi hii.

Sasa hii televisheni. Bwana yangu alikuwa amechoka na dekoda ya zamani, picha ya ukungu, mpira wenyewe unautafuta. Wiki iliyopita akaleta ile mpya ya HD. Fundi alipanda kwenye mabati akaelekeza dishi upya, kisha akashuka kutufundisha ule mwongozo wa vipindi: unabonyeza kitufe cha bluu, orodha inafunguka, unaona kinachopita sasa, cha kesho, na ulichokikosa kitarudiwa lini. Ukitaka unaweka ukumbusho, saa ikifika inahamia chaneli hiyo yenyewe. Hata mama, ambaye macho yake yamepungua, alisogeza kiti akasema sasa anaona mpaka jasho la watu.

Jumapili kulikuwa na mechi kutoka Lubumbashi. Bwana yangu alitoka nje kupokea simu, mama alikuwa chumbani. Kamera ikapita kwa mashabiki, ikasimama kwa mtu mmoja mwenye kofia ya njano, amebeba mabegani mtoto wa kike wa kama miaka mitatu. Akacheka. Jino la mbele limekatika nusu kwa mshazari. Jino hilo nalijua, nililivunja minye kwa mchi tukiwa watoto, na nilichapwa kwa ajili yake.

Nikajiambia watu wanafanana. Bwana yangu aliporudi sikumwambia neno. Baadaye nikafungua ule mwongozo peke yangu, nikaona mechi itarudiwa mara mbili, Jumatano saa tisa alasiri na Ijumaa saa kumi. Siku tatu hizo nilipika chakula kisicho na chumvi, nikagombana na kila aliyenisalimia.

Jana, Jumatano, nilihakikisha watu wote wametoka, isipokuwa mama niliyedhani amelala chumbani. Nikawasha. Dakika ile inakaribia, mama akatoka chumbani na ungo wa maharage akakaa karibu nami. Nilitaka kubadilisha chaneli, mkono ukakataa. Kofia ya njano ikapita. Vidole vya mama vikasimama kwenye maharage. Hakupiga yowe, hakushika kifua. Alisema taratibu tu:

«Amenenepa.»

Nilizima televisheni nikamuuliza amejua tangu lini. Aliendelea kuchambua. Akanieleza kwamba mdogo wangu hakupanda ile boti hata kidogo, alikuwa na mwanamke Lubumbashi, na habari kwamba yuko huko ilimfikia mama kupitia mtu wakati sisi tungali ufukweni. Yaani ule mgomba mama aliulilia akijua. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, Mungu anisamehe, nikamwambia ametufanya wajinga ukoo mzima. Akaacha nimalize, ndipo akaniangalia.

«Mujane watu wanamuheshimu. Mwanamuke wa kuachwa wanamucheka. Nilimuchagulia Furaha heshima. Na weye nyamaza, muache aolewe.»

Ndugu zangu, tangu jana silali. Nikinyamaza, Furaha atapiga magoti altareni kwa sahihi yangu huku mume wake yuko hai anashangilia mpira. Yule mwalimu naye ataoa mke wa mtu bila kujua. Nikisema, harusi inakufa, watoto wawili watajua baba yao aliwatupa, na mama yangu hatatembea tena Kilibula akiinua uso. Na kinachoniumiza zaidi, ndani yangu kuna mahali panaposema mama ana haki. Ningekuwa Furaha, sijui ningependa nini.

Kesho Ijumaa wanawake wa ukoo wanakuja kwangu kuchambua mchele wa harusi. Furaha naye atakuwepo, mbele kabisa, maana anapenda kuketi karibu na televisheni. Bwana yangu, ambaye hajui lolote, ameshaweka ukumbusho wa saa kumi kwa sababu mechi aliikosa nusu. Ninaweza kuufuta, ni kitufe kimoja tu. Tangu asubuhi nimeshika rimoti mara tano nikaiweka chini.

Nishaurini, nifute, au nimuache aone kwa macho yake? Tafadhali mnijibu kabla ya kesho saa kumi.