Nilifungua injini ya SUV nyumbani Yamumbi, mume wangu akiwa kwenye simu

Wakuu wa jukwaa la magari, salaam. Mimi ni mwanamke, naishi Yamumbi hapa Eldoret, na haya yalinipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyeamini aje aone kucha zangu.

Tuna SUV ya dizeli ya kitambo. Mume wangu, Baba Njeri, ni fundi wa magari, lakini kazi yake iko Uarabuni, anatengeneza magari ya watu. Hii ya kwetu aliniachia.

Mwaka huu nikitoka Kapsabet, gari likachemka mlimani. Nikachomoa dipstick, kile kijiti cha kupimia oil, nikakuta oil imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Wenye magari mnajua: head gasket imeungua, maji yameingia kwenye oil.

Fundi mmoja wa town akaniambia niliuze tu kama scrap. Nikampigia Baba Njeri nikilia.

"Usiuze," akasema. "Hiyo injini tutafungua mimi na wewe."

Sasa lazima niwaeleze kitu. Simu zetu zilikuwa zimekauka. "Watoto wako aje?" "Wako sawa." "Umekula?" "Nimekula." Halafu kimya, mpaka mmoja aseme network ni mbaya. Nilikuwa nikimkosa mtu niliyeongea naye kila wiki.

Basi kila Ijumaa mchana, siku yake ya off, nafunga simu kwenye bonnet kwa kamba ya blada. Yeye anaangalia, mimi nafungua.

Kwa wataalamu mlioanza kuandika: ndiyo, bolt za head nilizilegeza kidogo kidogo, kutoka nje kuingia ndani. Ndiyo, head ilipelekwa skimming, ikasawazishwa uso. Tulieni.

Kazi ilikuwa ngumu. Kuna bolt moja ya manifold iliyoshikwa na kutu tukahangaika nayo mchana mzima, tunaipaka mafuta, tunangoja. Na huwezi kungojea kutu iachilie mkiwa kimya.

Akaniambia Krismasi yake ya kwanza kule alijifungia bafuni akalia, akafungulia maji ili wenzake wasisikie. Sikuwahi kujua. Mimi nikamwambia mpaka leo nalala upande wangu wa kitanda, wake sijaugusa.

Nafikiri ukweli husemeka vizuri mikono ikiwa na kazi.

Ijumaa zikapita. Binti yetu Njeri akaniambia, "Mathe, siku hizi unaimba ukifua." Ilikuwa kweli wakuu. Nilikuwa natongozwa upya na mume wangu mwenyewe, nimejaa oil mpaka kwenye viwiko.

Siku ya kuwasha, injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika. Majirani wakaja kushangaa. Baba Njeri akapiga makofi kule kwenye simu: "Wewe ni fundi sasa!"

Nikacheka mbele ya watu. Halafu nikaingia jikoni nikalia.

Ijumaa iliyofuata: "Watoto wako aje?" "Wako sawa." "Gari?" "Iko sawa." Kimya.

Jioni hiyo nilisimama mbele ya bonnet na spana mkononi, nikitafuta ni bolt gani nikiilegeza haitaharibu sana.

Sikuilegeza. Lakini alipopiga tena, niliwasha gari nikamwambia, "Kuna kelele naskia, sijui ni nini."

Akasikiliza. Hiyo injini anaijua vizuri sana.

"Mama Njeri, hakuna kelele hapo," akasema. "Iko poa kabisa."

Sikuzima injini. Halafu nikasikia akivuta kiti.

"Haya, fungua bonnet," akasema. "Niambie pole pole. Hiyo kelele ilianza lini?"

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kupigiana simu na kuongea ni vitu viwili. Tafuteni kazi ya kufanya pamoja, hata kama ni kuchambua maharagwe.

Nyinyi ambao wenu wako mbali, huwa mnafanya nini pamoja kwa simu? Niambieni tafadhali, maana hili gari, kwa bahati mbaya, halina shida yoyote.