Kuku Aliyeondoka na Bahati Yetu

Siyo kweli kaka, timu iliyoshika mkia haizawadiwi kwa uvivu wake. Hata Marekani, kwenye ligi ya kikapu ya kulipwa, ndivyo wanavyofanya: waliofanya vibaya wanapewa nafasi nyingi zaidi kwenye bahati nasibu ya kuchagua wachezaji wapya, ila hawahakikishiwi. Ingekuwa uhakika, watu wangefungwa makusudi.

"Nyie hata makusudi hamkuhitaji," kaka akasema, anacheka na ugali mdomoni.

Sawa. Tulifungwa na kila mtu. Ndiyo maana leo jioni uwanjani tuliwekewa chunguni maharage mekundu mengi, timu ya Majengo ikawekewa ya njano machache, na mabingwa jeusi moja tu. Harage likitoka la kwanza, timu yake inachagua wa kwanza. Na wa kuchaguliwa kila mtu anamjua: yule dada mrefu, wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, anayegusa ringi kama anaanua nguo. Mimi ndiye nahodha. Jezi yake nilishaifua.

Ili pasiwe na ujanja, refa akamwita mama anayeuza maharage pembeni ya uwanja. Akaingiza mkono chini ya kitambaa kilichofunika chungu, akatoa jekundu! Nikaruka. Sijatua hata chini, mama akalitazama, akasema, "Hili limebunguliwa," akalitupa nyuma yake, kama anavyofanya kutwa nzima gengeni. Kuku akalidonoa, akaondoka nalo. Mama akaingiza mkono tena. La njano.

Zikaanza kelele.

"La kwanza lilikuwa letu!" nikamwambia refa.

"Liko wapi?" nahodha wa Majengo akadakia. "Kamuulize kuku."

Nikamgeukia yule mama. Hasira ninayo, ila adabu kwanza. "Shikamoo mama. Si umetoa jekundu?"

"Marahaba mwanangu. Nimetoa uchafu. Ningekuuzia lile, si ungenirudishia?"

Hata mimi nikacheka. Refa akapitisha la njano, dada mrefu akaenda Majengo. "Pole mshikaji," akaniambia, akinipigapiga begani kutoka huko juu.

Letu likatoka la pili, tukamchukua binti mfupi wa Malangali, ambaye msimu mzima alikuwa shambani anawinga ndege kwenye ulezi, anawafukuza kwa mawe. Nikampa mpira katikati ya uwanja, arushe. Akarusha kwa mkono mmoja, kama jiwe. Mpira ukapita juu ya ubao, ukavuka ukuta, ukaangukia kwenye mahindi ya jirani.

"Unaona?" kaka akasema nilipomsimulia. "Hajui hata ringi liko wapi!"

Atalijua, kaka. Ringi halihami. Mkono kama ule kwetu haupo, na Jumamosi tunaanza na Majengo. Siwezi kukaa nasubiri siku ya mazoezi. Kesho asubuhi, kabla hajaenda kuwinga ndege, nampitia Malangali na mpira, namsimamisha chini ya ringi kabisa, namwambia arushe taratibu, kama vile ndege mwenyewe ni kuku wa kwao, asimuumize.