Televisheni Iliyomnyamazia Mama Sang-tae

Masikio ya Mama Sang-tae yalikuwa yamezeeka kabla yake, ila kukiri hakukiri. Kwa kauli yake, watu wa siku hizi hawajui kutamka. Hata alipokubali kuvaa vifaa vya masikioni alivifunika kwa nywele, na mkwewe akaapishwa asimwambie mtu.

Mkwe huyo ndiye aliyeviunganisha kimyakimya, bila waya, na televisheni ya ukumbi wa wazee pale Songnae, ili kila akiwa karibu sauti imwingie masikioni moja kwa moja, ambako mabibi wa kijiji hujinyoosha alasiri juu ya sakafu inayopashwa moto kwa chini, wakitazama mchezo wao wa kuigiza, wa mama mkwe mkali na binti aliyeolewa kwake.

Siku hiyo picha ikaja, sauti isije.

"Imekufa!" akalia Bibi Ok-bun, mwenyekiti wa ukumbi.

"Imekufa wapi? Mama mkwe ndio kwanza anamfukuza yule binti," akasema Mama Sang-tae, maana kwake sauti ilikuwa inamwagika kama maji ya bomba.

"Umejuaje, dada?"

"Nawasoma midomo. Utu uzima dawa."

Akawasimulia mpaka mwisho, akimtia mama mkwe mdomoni maneno ya busara ambayo maskini hakuyasema.

Kisha akatoka kwenda kwenye mitungi ya kimchi, kabichi yao ya kuchachusha, nyuma ya ukumbi. Televisheni ikapiga kelele. Akarudi, ikanyamaza. Akatoka tena, ikasema.

"Jamani, inamwogopa Mama Sang-tae!"

"Hata mimi ningenyamaza," akadakia mwingine, "kwa mdomo ule!"

Wakaamua palepale: kesho mchezo unakwisha, kwa hiyo dada mkubwa, kwa heshima zote, abaki kwake.

Kwake alikuwa na televisheni nzuri kuliko ile. Lakini kumsengenya mama mkwe peke yako ni kula kimchi bila wali.

Kesho yake akatangulia kufika, akakaa penye moto mwingi. Picha ikaja kimya. Wote wakamgeukia. Akafunua nywele, akavichomoa vile vifaa, akavifungia ndani ya kikasha chao, kama anayewafanyia hisani. Televisheni ikanguruma.

"Kumbe dada husikii!" akasema Bibi Ok-bun.

"Unasemaje?"

"HUSIKII!"

"Nasikia ninapotaka. Haya, binti kajibu nini?"

Mabibi wote wakamwinamia, wakimpigia kelele sikioni, kila mmoja na jibu lake. Mwisho wa mchezo ule hakuna aliyeusikia.